Nani anatulinda usiku? Polisi wa karibu, sheria na kanisa huko Fungurume



Kila mara usalama unapozungumzwa katika kikundi cha akina mama, cha vijana au cha wazee wa kanisa, swali moja linarudi: nani anatulinda usiku, na nani amempa ruhusa? Leo tunalichukua swali hilo huko Fungurume, mji wa shaba na kobalti katika jimbo la Lualaba. Tunataka kueleza sheria ya nchi yetu inasema nini juu ya polisi anayekaa karibu na raia, na juu ya raia wanaomsaidia. Tunataka pia kuonyesha nafasi ambayo kanisa la mahali linayo ndani ya sheria hiyo, kwa maana wengi wetu hatujui kama nafasi hiyo ipo.

Tutaanza mbali kidogo, kwa polisi wanaopanda farasi. Kwao tunaona wazi kwamba kumshukuru mlinzi ni jambo moja, na kumtambua kwa sheria ni jambo lingine.

Polisi wa farasi na shukrani ya bunge

Huko Marekani, katika wilaya nyingi, kuna vikundi vya raia wenye farasi wanaojitolea chini ya mkuu wa polisi wa wilaya, yule wanayemwita sherifu. Wanatafuta watu waliopotea porini, wanasaidia kuondoa mifugo moto unapowaka, wanalinda sikukuu na maandamano. Mabunge ya majimbo ya nchi hiyo yana desturi ya kupitisha azimio la kushukuru watu wa namna hii. Majina yao na kazi yao husomwa mbele ya wabunge, kisha wanapewa karatasi yenye muhuri. Azimio hilo si sheria. Halileti mshahara wala silaha. Linasema tu kwamba wakuu wameiona kazi yenu na wanawashukuru.

Kanada ilipita njia nyingine. Mwaka 1873 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuanzisha kikosi cha polisi wa farasi kwa ajili ya maeneo ya kaskazini-magharibi. Kikosi kile ndicho kilichokuja kuwa polisi wa taifa lote, na mpaka leo neno la kupanda farasi limebaki ndani ya jina lake, ingawa kazi ya kila siku inafanywa kwa gari. Hapa bunge halikutoa shukrani peke yake. Liliweka jina, mipaka, mkubwa wa kuwaamuru na namna ya kuwalipa.

Karibu na sisi pia farasi wapo. Polisi ya Tanzania ina kikosi cha mbwa na farasi. Nchini Kenya, kikosi cha kupambana na wizi wa mifugo, chenye makao yake Gilgil, kinatumia farasi pale ambapo gari haliwezi kupita. Watu wanaoijua kazi hiyo wanasema farasi ana faida mbili. Ya kwanza, askari anaonekana kutoka mbali, na mwizi anaogopa kabla ya kutenda. Ya pili, watoto na wazee wanamkaribia bila woga. Wanataka kumgusa mnyama, na maneno yanaanza. Mtu aliyefungiwa ndani ya jeep yenye vioo vyeusi hapati salamu hiyo.

Kwetu farasi hakukaa

Katika sehemu kubwa ya Kongo farasi hakuweza kukaa. Sababu yake ni mbung'o, yule nzi anayeleta malale kwa watu na ugonjwa mwingine wa namna hiyo kwa wanyama. Farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa njiani. Ndiyo maana mizigo ya Katanga ilibebwa kichwani na mabegani mwa watu mpaka reli ilipofika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910.

Kwa hiyo polisi wetu hakuja juu ya farasi. Lakini alikuja juu ya raia. Force Publique ya wakati wa ukoloni ilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja, na wazee wetu waliikumbuka kwa fimbo ya kiboko, kwa kodi na kwa kazi ya lazima. Baada ya uhuru tulipata majina mengi: polisi, jandarmeri, gadi sivili. Tangu 1997 tunayo Polisi ya Taifa ya Kongo, ile tunayoiita PNC. Majina yalibadilika upesi kuliko mioyo. Mpaka leo mama wengi wakiona askari karibu na kibanda chao, jambo la kwanza wanalofanya ni kuficha pesa.

Tunasema hivi ili tuelewe ugumu wa jambo lenyewe, wala hatutaki kuwatukana askari. Wengi wao ni washirika wa makanisa yetu. Wanaishi katika nyumba za kupanga kama sisi, na mshahara wao ni mdogo. Woga huu una historia ndefu, na tangazo moja la redio haliwezi kuufuta.

Fungurume ni mji wa namna gani

Kwa ndugu wa Kivu, Ituri na Maniema ambao hawajafika kule, Fungurume iko kwenye barabara kuu kati ya Likasi na Kolwezi. Si mbali na Tenke, pale reli ya kwenda Dilolo na Angola inapoachana na ile ya kwenda kaskazini. Vilima vinavyouzunguka mji vina shaba na kobalti. Kampuni ya Tenke Fungurume Mining, yaani TFM, inachimba huko. Mwaka 2016 kampuni ya CMOC ya China ilinunua sehemu kubwa ya mgodi huo kutoka kwa Freeport-McMoRan ya Marekani.

Mgodi ulipofunguliwa, watu walikuja kutoka kila upande. Wamo wenyeji Wasanga, wamo watu wa Kasai, wa Kalemie, wa Kivu. Vijana wengine wanafanya kazi kwenye kampuni. Wengine ni wachimbaji wa mikono, wanaotafuta mawe kwa nyundo na mfuko. Wengine wanaendesha pikipiki, hao ambao Katanga wanawaita manseba. Malori ya madini yanapita mchana na usiku katikati ya nyumba, soko na shule. Mji wa namna hii una pesa na una njaa, na mara nyingi viwili hivyo vimepanga kwenye nyumba moja.

Walinzi nao ni wengi, na hapo ndipo raia anachanganyikiwa. Wapo polisi wa kawaida wa mji. Ipo polisi ya migodi, ambayo ni tawi la PNC lenye kazi ya kulinda maeneo ya madini. Wapo walinzi binafsi wanaolipwa na kampuni. Na mara nyingine wanafika wanajeshi, kama mwezi wa sita mwaka 2019, serikali ilipotuma jeshi kuwaondoa wachimbaji wa mikono katika eneo la TFM. Mwezi ule ule, huko Kolwezi, udongo uliwaangukia wachimbaji wa mikono na makumi ya watu walikufa. Waliokufa walikuwa watoto wa nyumba zetu na waimbaji wa kwaya zetu.

Angalia jinsi walinzi hao wote wamepangwa: wengi wanalinda jiwe. Ni haki jiwe lilindwe, kwa sababu ni mali ya nchi na lina wenyewe. Lakini mama anayerudi kutoka sokoni saa moja ya usiku, mtoto anayevuka barabara ya malori, mzee ambaye mbuzi wake ameibiwa, hao wanalindwa na nani? Sheria inajibu.

Katiba inasema nini

Katiba ya 18 Februari 2006 inazungumza juu ya polisi kuanzia kifungu cha 182. Inawapa kazi ya usalama wa umma, na usalama wa watu na mali zao. Kifungu cha 183 kinasema polisi haina chama na iko kwa ajili ya taifa, wala hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuigeuza kwa faida yake mwenyewe. Kifungu cha 184 kinaiweka chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali. Tafadhali lisomeni neno hilo mara mbili. Kiongozi wa kiraia wa mahali, yule raia anayeweza kumfikia kwa miguu, ana neno la kusema juu ya kazi ya polisi katika eneo lake.

Tarehe 11 Agosti 2011 ilikuja sheria ya kupanga polisi yenyewe, sheria namba 11/013. Inaieleza PNC kama huduma ya umma na ya kiraia, inayofikika na inayosikiliza raia. Kwa nchi iliyozoea kiboko, hilo ni badiliko kubwa. Baada ya hapo, tarehe 1 Juni 2013, ilitoka sheria ya hali ya kazi ya askari polisi: namna ya kuajiriwa, kupanda cheo, kuadhibiwa na kustaafu. Hapo askari naye alitambuliwa kama mfanyakazi mwenye haki.

Katiba pia inamlinda yule anayekamatwa. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa, na apewe nafasi ya kuwasiliana na jamaa yake au mtetezi wake. Kukaa kasho mbele ya polisi hakuwezi kupita saa 48. Saa hizo zikiisha, ama anaachiliwa, ama anapelekwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Tunaomba kila mchungaji azijue saa hizo 48 kama anavyojua saa ya ibada.

Baraza la usalama wa karibu

Tunafika kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Kati ya 2009 na 2014, kwa msaada wa Uingereza, serikali yetu ilijaribu kazi ya polisi wa karibu katika miji mitatu: Bukavu, Kananga na Matadi. Ndugu wa Bukavu wanakumbuka mikutano ile ya kartie, ambapo raia, polisi na viongozi wa mahali walikaa pamoja na kuambiana ukweli. Wazo lake lilikuwa rahisi. Polisi peke yake hawezi kujua nani anauza chanvre nyuma ya soko. Raia peke yake hawezi kumkamata. Kiongozi peke yake anasikia habari wakati mambo yameisha haribika. Wakikaa watatu, jambo linaonekana mapema.

Wazo hilo liliingia katika sheria. Amri ya serikali namba 13/041 ya tarehe 16 Septemba 2013 ilianzisha mabaraza ya mahali kwa ajili ya usalama wa karibu, ambayo kwa Kifaransa yanajulikana kwa herufi CLSP. Kiongozi wa kiraia wa mahali ndiye anayeliongoza baraza. Polisi wanakaa humo, huduma nyingine za serikali zinakaa humo, na raia pia wana sauti.

Kazi yake inakwenda kwa hatua. Kwanza wanachunguza pamoja hali ya usalama ya mahali pao: hatari ziko wapi, saa ngapi, zinampata nani. Pili wanaandika mpango: nani atafanya nini na lini. Tatu wanarudi kuangalia kama kimefanyika.

Tuchukue mfano wa kuwaza tu. Tuseme akina mama wa kartie moja wanasema wananyang'anywa mifuko kila jioni kwenye njia iendayo kisimani. Uchunguzi unaonyesha sababu tatu: njia haina taa, majani yamekua marefu, na doria ya polisi inapita saa nne wakati wizi unatokea saa moja. Mpango unaandikwa. Kiongozi wa mahali anatafuta taa. Raia wanafanya salongo na kufyeka majani siku ya Jumamosi. Polisi wanabadilisha saa ya doria. Hakuna bunduki mpya iliyonunuliwa, na hakuna mtu aliyepigwa. Huo ndio usalama wa karibu. Salongo, ambayo wengi waliichukia kwa sababu ililazimishwa zamani, hapa inakuwa huduma ya jirani kwa jirani.

Vijana wa ronde: hatari na faida

Katika miji mingi ya kusini na ya mashariki, wizi unapozidi, vijana wanafanya ronde usiku. Wanapiga filimbi, wanagonga sufuria, wanauliza kila mpita njia anakwenda wapi. Wanafanya hivyo kwa sababu mama zao wamelia, na tunawaelewa. Lakini tumeona pia ronde inapoishia vibaya. Mwizi anakamatwa, hasira inapanda, tairi linaletwa. Asubuhi kuna maiti barabarani, na hakuna anayejua kama mtu yule kweli aliiba au alikuwa mgonjwa wa akili aliyepotea njia. Wapendwa, kumchoma mtu ni kuua. Hakuna sheria ya nchi wala Neno la Mungu linaloita jambo hilo haki.

Majirani zetu walikutana na tatizo hilo hilo. Huko Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe. Wizi ulipungua katika vijiji vingi. Lakini vilevile kulikuwa na kipigo, na vikongwe walioshtakiwa uchawi waliteswa. Mwaka 1989 bunge la Tanzania lilibadilisha sheria za mgambo ili vikundi hivyo vitambuliwe, vipewe uwezo wa kukamata na kuwekwa chini ya serikali. Nchini Kenya, sheria ya polisi ya 2011 iliweka kamati za ulinzi wa jamii, na baada ya shambulio la Westgate mwezi wa tisa 2013 mpango wa Nyumba Kumi ulisukumwa kwa nguvu. Jina hilo hilo la Nyumba Kumi limesikika pia Goma na sehemu nyingine za Kivu.

Kwetu mpaka uko wazi. Kifungu cha 190 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kuunda kikundi cha kijeshi au wanamgambo binafsi, au kuwapa vijana silaha, na kinaliita jambo hilo uhaini mkubwa. Mwaka 2023 nchi ilipata sheria ya akiba ya ulinzi, lakini hiyo ni habari ya jeshi na vita, si ya kartie. Kijana wa kartie anayetaka kusaidia ana njia nyingine. Awe jicho na sikio, atoe habari kwa baraza na kwa polisi, asindikize wagonjwa, asaidie watoto kuvuka barabara. Panga na bunduki si vyake.

Kutambuliwa kuna uzito gani

Turudi kwa ile tofauti tuliyoiona mwanzoni. Bunge linaposhukuru, linatoa heshima, na heshima ni kitu kizuri. Nasi tungependa kuona siku moja Bunge la Jimbo la Lualaba, linalokaa Kolwezi, likisoma kwa sauti majina ya askari waliofanya kazi yao bila matabishi, na ya akina mama waliopatanisha kartie zao. Kuwasema wabaya tu kila siku kunawavunja moyo wale wema.

Lakini heshima peke yake haitoshi. Sheria inapomtambua mlinzi, inamfunga pia. Inasema jina lake ni nani na eneo lake linaishia wapi. Inasema anaamriwa na nani. Inasema akikosea atajibu wapi. Askari wa PNC akifanya uhalifu, Katiba inampeleka mbele ya mahakama ya kijeshi, kwa hiyo raia anaweza kwenda kwa auditori wa kijeshi. Polisi yenyewe ina Ukaguzi Mkuu wake. Kuna pia Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Mlinzi ambaye hakutambuliwa hana mlango hata mmoja wa kumshtakia. Ndiyo sababu kijana wa ronde asiye na sheria ni hatari kwa jirani yake na kwa nafsi yake pia, maana siku mambo yakiharibika, wale waliompigia makofi watamkana.

Tena Katiba, katika kifungu cha 203, imeweka usalama wa ndani kati ya mambo ambayo Kinshasa na majimbo wanayashughulikia pamoja. Kwa hiyo mbunge wa jimbo hawezi kutuambia kwamba hili si lake. Anaweza kuuliza maswali. Anaweza kumwomba gavana aeleze kama mabaraza ya usalama yanafanya kazi katika miji yote ya Lualaba au yamebaki kwenye karatasi.

Kuna pia habari ya pesa. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa utawala wa mahali ambapo mgodi unafanya kazi. Tena inaidai kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Hakuna mtu atakayekuja nyumbani kwako kukueleza jinsi pesa hizo zinavyoweza kugeuka taa ya barabarani au kivuko cha watoto. Lakini mpango wa usalama ulioandikwa vizuri na baraza unampa kiongozi sababu ya kuziomba, na unampa raia sababu ya kuuliza zilikwenda wapi.

Kanisa lifanye nini

Tunajua wengine watasema siasa si kazi yetu. Tunawakumbusha kwamba askari walipomwendea Yohana Mbatizaji huko mtoni na kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Katika Luka sura ya 3 aliwaagiza wasimnyang'anye mtu, wasimsingizie, na waridhike na mshahara wao. Nabii Yeremia naye, katika sura ya 29, aliwaandikia watu waliohamishwa mbali na kwao kwamba waitafute amani ya mji walipo na kuuombea. Watu wengi wa Fungurume ni wageni waliokuja kutafuta maisha. Barua hiyo inawahusu kabisa.

Tunapendekeza mambo machache kwa makanisa ya mahali, ya Fungurume na ya kwenu pia.

La kwanza, ulizeni. Wazee wawili au watatu wa kanisa, pamoja na mama mmoja na kijana mmoja, waende kwa heshima kwa kiongozi wa mahali waulize: je, baraza la usalama wa karibu lipo hapa? Lilikutana mara ya mwisho lini? Raia wanawakilishwa na nani? Kama halipo, waombe liundwe. Amri ya 2013 ndiyo barua yao.

La pili, pelekeni mtu anayejua. Tusimpeleke mchungaji kwa sababu ya cheo tu, wakati mama muuza samaki ndiye anayejua njia gani ni mbaya saa ngapi. Baraza likijaa vyeo, litazungumza juu ya vyeo.

La tatu, walindeni wanaosema. Mama akitaja jina la mwizi mbele ya watu ishirini, jina lake yeye linaweza kufika kwa mwizi kabla ya jioni. Habari nzito zipelekwe kwa siri kwa mtu mmoja anayeaminika.

La nne, wachungeni askari walio washirika wetu. Wana nyumba zenye njaa kama nyumba nyingine. Waombeeni, watembeleeni, na siku wamefanya vema waiteni mbele ya kanisa na kuwashukuru. Wakifanya vibaya, waonyeni kama ndugu, na kosa likiwa la jinai msilifunike kwa jina la kanisa.

La tano, kataeni tairi. Kila kanisa lifundishe waziwazi, katika madhabahu na katika shule ya Jumapili, kwamba mwizi aliyekamatwa anapelekwa kwa polisi akiwa hai. Kijana mmoja tu anayesimama mbele ya umati na kusema "hapana" anaweza kuokoa mtu. Lakini atasimama tu kama alifundishwa kabla ya usiku ule.

Na tuombe pamoja: kwa ajili ya askari anayetembea usiku huu bila tochi katika kartie ya mabati, kwa ajili ya wachimbaji wa mikono na familia zao, kwa ajili ya wakuu wa Lualaba na wabunge wake, wapate moyo wa kusikiliza, na kwa ajili ya makanisa yetu ya mashariki, ambako wengi wamesahau usingizi wa amani ni nini. Bwana awape walinzi wanaojulikana kwa jina na wanaojibu kwa sheria. Amina.